Jua limekuchwa, giza bado: "gloaming" tuiiteje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Natafsiri hadithi fupi ya Kiingereza inayotokea Scotland, na nimekwama kwenye neno "gloaming". Kamusi yangu ndogo inasema ni "jioni". Kuna vijana wawili wanaorudi nyumbani "in the gloaming", nami nimeandika "walirudi nyumbani jioni", lakini naona kuna kitu kimepotea. Neno hili lina maana gani hasa, limetoka wapi, na sisi tunaliitaje? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Umehisi sawasawa, kimepotea kitu. Jioni yetu ni pana mno. Saa 10 na nusu jua bado linachoma shingo, na watu wameshaanza kuulizana "habari za jioni?" Gloaming haina jua hata chembe. Huanza jua likishazama na huisha giza linapotanda. Ni ule mwanga uliobaki baada ya mwenyewe kuondoka: unamwona mtu anakuja njiani, unamtambua kwa mwendo wake, lakini sura yake huioni.

Neno ni la kale. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, lilikuwa "glōmung", kutokana na "glōm", yaani mwanga hafifu wa jioni. Shina lake lina undugu na "glow", kung'aa kama kaa la moto. Kwa hiyo waliolibuni walikuwa wakitazama mwanga unaosalia, si giza linalokuja. Nalisisitiza hili kwa sababu wengi hudhani limezaliwa na "gloom", yaani kiza au huzuni. "Gloom" ilianza kama kitenzi cha kukunja uso na kununa, na maana yake ya kiza ilikuja baadaye sana, karne ya 17.

Umbo la leo limepita Scotland. Waskoti waliendelea kulisema katika mazungumzo ya kila siku, na washairi wao, Robert Burns (1759–1796) akiwa miongoni mwao, walilitia katika tungo zilizosomwa mbali. Waingereza wa kusini wakalipokea kama neno la kishairi, na mpaka leo lina harufu hiyo. Huwezi kulikuta kwenye taarifa ya polisi.

Haishangazi kwamba ni Scotland iliyolitunza. Edinburgh iko karibu nyuzi 56 kaskazini mwa ikweta. Mwezi wa Juni jua huzama huko karibu saa 4 usiku, tena huzama kimshazari, kama mtu anayeteremka mlima kwa kuzungukazunguka. Mwanga hukawia, na katikati ya kiangazi giza kamili haliingii usiku kucha. Wapenzi wakitoka kutembea wana muda wa kutosha. Kwetu jua hushuka karibu wima. Ukiwa Tanga, tangu lizame hadi huwezi tena kusoma herufi za gazeti ni dakika 20 na ushei tu.

Sasa, sisi tunaliitaje? Dakika zetu ni chache lakini maneno tunayo, na kila moja lina pahali pake.

Machweo si lenyewe, ingawa wengi hulikimbilia. Limetoka kwenye kuchwa, yaani jua kuzama, kama macheo yalivyotoka kwenye kucha. Ni jozi ileile ya "usiku kucha, mchana kutwa", kutwa ikiwa sura nyingine ya kuchwa. Machweo ni tendo la jua kuzama, na gloaming huanza tendo hilo likishakwisha.

Magharibi inakaribia sana kwa saa, ila ina mizigo yake. Kwetu pwani neno hilo linaleta adhana, na sauti ya mama mlangoni: "Magharibi hii! Ingieni ndani!" Nilikuzwa hivyo. Wakati popo wanaanza kutoka kwenye mwembe, mpira uliachwa hapohapo ulipo, na hakuna aliyeruhusiwa kufagia wala kukaa kizingitini, kwa kuwa ni saa ya mashetani kupita. Ukiwatembeza vijana wako "magharibi", msomaji wa Pangani ataanza kuwahofia, ilhali mwandishi alitaka awaonee wivu.

Shafaki ni neno ninalolipenda mno, na linasikitisha kuona linavyosahauliwa. Ni Kiarabu kwa asili: ule wekundu unaobaki angani upande wa magharibi baada ya jua kuchwa. Waliosoma madrasa wanalijua, maana kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, wakati wa Magharibi huisha na Isha huingia shafaki nyekundu inapotoweka. Kwa mipaka ya muda basi, shafaki na gloaming ni majirani wa ukuta mmoja. Tofauti yake ni kwamba shafaki iko juu angani, nawe unaitazama, wakati gloaming imekuzunguka, nawe unatembea ndani yake.

Linalobaki ni utusitusi. Hili ndilo ningelichagua. Ni mwanga usio mwanga na kiza kisicho kiza, na hata kulitamka, lile "tusitusi", ni kama macho yanayofumbuka na kufumba. Lakini lisimame na msaidizi, kwa sababu peke yake laweza kuwa utusitusi wa chumba chenye dirisha dogo. Sentensi yako ningeiandika hivi: "Walirudi nyumbani katika utusitusi wa jioni, shafaki ikizimika nyuma yao." Ukiona shafaki imezidi, maana mwandishi hakuitaja rangi, iondoe. Utusitusi wa jioni utatosha.

Na kama hadithi hiyo ina shairi ndani yake, hesabu mizani mapema. Utusitusi peke yake hula mizani 5, na ukitaka kipande cha 8 umebakiwa na 3 tu: "utusitusi washuka". Ukihitaji nafasi zaidi, tumia shafaki, ambayo ni mizani 3.