Patenti 140, halafu?

SWALI: Salamu mhariri. Niko Minnesota, kila mwezi natenga kama dola mia nanunua hisa. Kuna kakampuni ka bayoteki nimekapenda, wenyewe wanasema wana patenti zaidi ya 140. Mimi si mwanasheria wala mkemia, nitajuaje kama zina maana? – Msomaji, Minnesota

JIBU: Kaka, hiyo 140 isikuzuzue. Mimi niliwahi kuingia kichwakichwa kwenye kampuni moja hivi kwa sababu hiyohiyo, kuja kufungua karatasi kumbe nyingi ni maombi tu. Ingia Google Patents, ni bure, andika jina la kampuni uangalie mwisho wa namba, ya Marekani ikiishia A1 ni ombi limechapishwa, B1 au B2 ndo imetolewa. Na uvumbuzi mmoja ukisajiliwa nchi kumi wanahesabu kumi, ndo mchezo wenyewe huo.

Ukipata B2 ruka michoro, nenda kwenye madai (claims, sehemu inayosema nini hasa kinalindwa), soma dai la kwanza polepole hata mara tatu. Linalinda dawa yenyewe, au namna ya kuitengeneza, au dozi tu? Dawa yenyewe ndo nzito. Ila dai pana sana nalo usilishangilie haraka, kampuni ya dawa Amgen walidai kingamwili zote zinazoshika sehemu fulani ya protini PCSK9 (mambo ya kolesteroli hayo) wakati walizoziandika moja moja kwa mfuatano wa asidi amino zake ni 26 tu, wakabanana na wapinzani wao Sanofi mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani, 2023 majaji wote 9 wakawakatalia. Patenti ya dawa yao Repatha, iliyotaja kingamwili moja mahususi, haikuguswa. Unaona tofauti?

Muda: miaka 20 inaanza siku ya kupeleka ombi, sio siku dawa inaingia sokoni, so majaribio yanakula mingi, japo Marekani wanaweza kurudisha mpaka 5.

Halafu cheki mwenye mali ni nani. Kampuni ya Editas wanatumia patenti za CRISPR (teknolojia ya kuhariri jeni) kwa leseni ya taasisi ya utafiti Broad Institute, na Broad wamevutana na Chuo Kikuu cha California miaka na miaka nani alivumbua kwanza, 2022 ofisi ya patenti ikawapa Broad, 2025 mahakama ya rufaa ikairudisha kesi kwa ofisi hiyo iangaliwe upya. Mambo ya leseni yako kwenye ripoti ya mwaka ya kampuni, ile inayoitwa 10-K, tafuta neno "license".

Dai la kwanza likikushinda nitumie namba yake, tulisome wote toleo lijalo.