Maswali na Majibu: Bruchi ya Kameo na Ushahidi wa Asili Yake

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu kameo, yaani pambo lenye sura iliyochongwa ikainuka juu ya tabaka la rangi nyingine, ambalo aghalabu huzungushiwa fremu ya dhahabu au fedha na kuvaliwa kifuani kama bruchi.

Jaja yangu (mzazi wa mzazi wangu) aliniachia bruchi yenye sura ya mwanamke, akisema alipewa na mke wa mmisionari na kwamba ni ya kabla ya 1900. Nitathibitishaje? (Msomaji, Jinja)

Ndugu msomaji, igeuze. Sura ya mbele huwapoteza wengi, kwa kuwa mafundi wamerudia nyuso zile zile za miungu ya Wagiriki na Warumi kwa vizazi vingi, lakini mgongo hauna adabu ya kuficha. Katika picha uliyonitumia, sindano inaingia kwenye kindoano cha umbo la herufi C kisicho na kifungio, na ncha yake imechomoza nje ya fremu kwa kadiri ya punje ya mchele. Huo ndio ufundi wa kawaida wa karne ya 19. Vifungio vinavyozunguka na kuizuia sindano isichomoke vilienea mwanzoni mwa karne ya 20. Hata hivyo, chukua kioo cha kukuzia uangalie mahali kindoano kilipoungwa: ukiona madoa ya kijivu ya kulehemu, basi sonara fulani alikikarabati, na hakiwezi tena kuutolea ushahidi umri wa pambo zima. Kuhusu mmisionari, tarehe hazimkanushi jaja. Wamisionari wa Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza, walifika Buganda mwaka 1877, na wanawake wao wa kwanza wakafika mwaka 1895. Dai lake linawezekana, ila kuwezekana si kuthibitika.

Yangu ni nyeupe juu ya rangi ya chungwa. Fundi mmoja anasema ni pembe ya ndovu, mwingine anasema ni plastiki. (Msomaji, Mbarara)

Nadhani wote wawili wamekosea. Iinue mbele ya dirisha: gamba la konokono wa baharini hupitisha mwanga, na mgongo wake huwa na mbonyeo kidogo unaofuata umbo la gamba lenyewe. Plastiki huwa na mikunjo ya nguo na nywele iliyovimba kwa sababu ya kumiminwa kwenye kalibu, ilhali patasi huacha kingo kali. Pembe ya ndovu nayo haina matabaka mawili ya rangi namna hiyo.

Makao makuu ya uchongaji wa magamba ni Torre del Greco, mji ulio chini ya mlima Vesuvius karibu na Naples, uliosifika pia kwa marijani. Gamba lenye tabaka la kahawia iliyokolea hutoka hasa bahari ya Karibi, lakini lile la rangi ya chungwa hutoka Bahari ya Hindi, ikiwemo pwani yetu ya Afrika Mashariki. Huenda basi bruchi yako ilivuliwa huku, ikachongwa Italia, kisha ikarudi kwa meli kifuani mwa mgeni. Sisi ambao Waganda wenzetu bado huita fedha *ensimbi*, kwa kumbukumbu ya kauri, yaani magamba yaliyotumika zamani kama fedha, zilizoletwa kutoka pwani hiyo hiyo, hatuna haja ya kushangazwa na safari za magamba.

Nyuma kuna alama ya nanga na simba anayetembea. (Msomaji, Kampala)

Nanga ni alama ya ofisi ya upimaji ya Birmingham, Uingereza, na simba huthibitisha kwamba fremu ni ya fedha halisi. Herufi iliyo kando yake ndiyo inayotaja mwaka. Kumbuka kwamba inataja mwaka wa fremu, wala si wa sura iliyomo.

Shangazi aliinunua mwaka 1972 kwa familia ya Kihindi iliyokuwa ikiondoka nchini. Muuzaji alisema ni ya enzi za Warumi. Je, niamini? (Msomaji, Entebbe)

Usiamini bila karatasi. Hata wataalamu wamewahi kuumbuka: Richard Payne Knight, mkusanyaji mashuhuri wa Uingereza, aliithamini kameo ya mungu wa maua, Flora, kama kazi ya kale, hadi mchongaji Mwitaliano, Benedetto Pistrucci, alipofika London mwaka 1815 na kutangaza kwamba aliichonga yeye mwenyewe. Knight alikataa kukubali, na kameo hiyo sasa imo British Museum. Ikiwa mchongaji mwenyewe alibishiwa kazi ya mikono yake, maneno ya muuzaji aliyepewa na Idi Amin siku 90 za kuondoka Uganda yana uzito gani? Tafuta stakabadhi, picha ya zamani ya mtu aliyeivaa, wasia, au kisanduku chenye jina la duka. Andika pia leo, kwa tarehe, yale ambayo shangazi anayakumbuka kuhusu ununuzi ule, angali hai.

Je, nioshe kwa limau? (Msomaji, Mukono)

Hapana kabisa. Gamba ni chokaa, na tindikali ya limau au siki hulila. Tumia kitambaa chenye unyevu kidogo, ukaushe, kisha upake tone moja la mafuta laini mara chache kwa mwaka ili lisipasuke. Manukato yapulizwe kabla ya kuivaa.