Majuto juu ya maneno yasiyoweza kurudishwa

Ndugu, umeeleza kwamba maneno makali uliyomwambia marehemu kaka yako yanakunyima usingizi, ukauliza kama mazoezi ya Kibudha yanaweza kukusaidia. Katika mafundisho hayo, majuto huhesabiwa pamoja na wahka kuwa kimoja cha vizuizi 5 vya utulivu wa akili. Buddha alimfundisha mwanawe Rahula kwamba anayegundua kuwa maneno yake yameumiza aungame kwa mwalimu au mwenzake mwenye hekima, kisha ajizuie asirudie, kujiadhibu hakukutajwa. Basi mweleze mtu mmoja unayemwamini. Kumbukumbu inapokujia, hata ukiwa unaosha vyombo, itambue kwa jina lake, yaani majuto, kisha rudisha fikira kwenye pumzi bila kubishana nayo, maana kubishana, kwa maoni yangu, ndiko kunakoilisha. Kila jioni mtakie marehemu heri, nawe ujitakie.