Unga mweupe kwenye majani ya maboga

Dada, huo unga mweupe uliouona kwenye majani ya maboga ni ubwiri unga. Ukungu huu hausubiri mvua. Hata kiangazi unatamba. Ila hakikisha kwanza: pangusa kwa kidole. Ukitoka, ndio wenyewe. Mabaka ya kijivu yanayofuata mishipa ya jani na hayafutiki ni rangi ya asili ya aina hiyo ya boga tu, yaache.

Kata majani ya chini yaliyofunikwa, lakini usiyafyeke yote, boga linanenepa kwa majani. Punguza msongamano hewa ipite. Mbolea ya urea nayo isimamishe kwanza.

Dawa? Kwa bustani ya nyumbani ningeanza na maziwa: kikombe kimoja kwa vikombe tisa vya maji, kila wiki, asubuhi, juu na chini ya jani. Yanasaidia madoa yakiwa bado machache. Yakizidi, nunua salfa ya kuchanganya na maji, fuata kipimo cha kwenye lebo, na usipulize jua likiwa kali, utababua majani. Na kama mnakula msusa, yaani majani ya maboga kama mboga, msichume kwenye mashina yaliyopuliziwa hadi siku zilizoandikwa kwenye lebo zipite.