Risasi zinatawanyika na mtihani wa shabaha umekaribia, nifanyeje?

SWALI: Shikamoo afande. Mimi ni kuruta, kabla ya kuingia kambini nilikuwa sijawahi kushika bunduki hata siku moja. Tumeshaenda renji (uwanja wa shabaha) mara ya kwanza kuzero, yaani kurekebisha saiti ili risasi ziende unapolenga, na risasi zangu zilitawanyika karatasi nzima, mkufunzi akasema nafumba macho. Nikijitahidi kuituliza bunduki ndo inazidi kucheza, na wenzangu wananiambia nisubiri saiti, ile ya kulengea, ipite katikati ya shabaha alafu nivute chap. Mtihani ni wiki chache zijazo na risasi za mazoezi tunapewa kidogo. Nifanye nini kwa muda uliobaki?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza kabisa achana na huo ushauri wa kuvuta chap, huo ndo umefelisha makuruta wengi kuliko kitu kingine chochote nilichokiona renji miaka yote niliyofundisha, na ukishaingia mkononi kuutoa ni kazi kubwa. Hilo la kutowahi kushika bunduki lisikunyime usingizi, mimi napenda sana kumfundisha mtu asiyejua kitu maana hana mazoea mabaya ya kuvunja.

Sasa tuanze na hiyo saiti inayocheza. Inacheza kwa kila mtu, hata kwa yule fundi wa kambi nzima, kwa sababu moyo unadunda na mapafu yanafanya kazi na misuli haiwezi kutulia kama jiwe. Tofauti ni kwamba yeye ameshakubali icheze, anaiacha ielee taratibu katikati ya kifua cha shabaha na huku kidole kinaongeza nguvu kidogo kidogo mpaka bunduki inalia yenyewe. Ikiwa saiti inaelea ndani ya kiwiliwili basi na risasi itaangukia ndani ya kiwiliwili. Ila ukisubiri ile nukta moja ambayo kila kitu kimenyooka alafu ukavuta kwa pupa, kile kidole kinauhamisha mtutu mbali kuliko ule mchezo wote uliokuwa unauogopa.

Na hapa kuna hesabu ambayo nataka uielewe vizuri maana ukiielewa utajua jicho liangalie wapi. Chukua bunduki ambayo kutoka saiti ya nyuma mpaka ya mbele ni kama nusu mita. Ile ncha ya mbele ikikaa pembeni milimita 1 tu ndani ya tundu la nyuma, kwenye mita 300 risasi inakuwa imehama sentimita 60, yaani umemkosa mtu mzima mzima na wakati wewe uliona kabisa umelenga kifuani. Lakini ncha ikiwa katikati ya tundu na saiti zote kwa pamoja zikaegemea ukingo wa kifua, risasi inapiga ukingo wa kifua, bado ni pointi. Kwa hiyo jicho lako likae kwenye ncha ya mbele, ncha ionekane kali kabisa na shabaha ionekane na ukungu ukungu, usiikimbilie shabaha kwa jicho. Kama mnatumia saiti ya nukta nyekundu hapo ni tofauti, unaangalia shabaha na nukta unaiweka juu yake.

Mwili nao. Kuruta wengi wanaishikilia bunduki kwa nguvu ya misuli na misuli inachoka, ndo maana kadri unavyokaza ndo inavyozidi kutetemeka. Bunduki ibebwe na mifupa na ardhi. Ukilala kifudifudi kiwiko cha mkono wa mbele kiingie chini ya bunduki kadri unavyoweza, kitako kikae kwenye kishimo cha bega kila mara palepale, shavu lilale kwenye kitako kila mara palepale, hilo la shavu wengi wanalidharau na ndo linalohamisha risasi kushoto na kulia bila mtu kujua sababu. Ukishakaa vizuri fanya hivi: lenga, fumba macho, vuta pumzi na kuitoa mara mbili tatu ukiwa umelegea kabisa, alafu fumbua. Saiti iko wapi? Kama imeenda kulia ya shabaha usiirudishe kwa mikono, ukiirudisha kwa mikono misuli itairudisha kulia tena pale pale unapofyatua. Sogeza kiuno na miguu, mwili mzima ugeuke, mpaka ukifumbua macho saiti iko yenyewe kwenye shabaha. Hiki kitu kinachukua sekunde chache tu na kinaokoa pointi nyingi sana.

Pumzi usiikate katikati. Toa hewa kawaida, pale chini kabla hujavuta nyingine kuna kautulivu ka asili, hapo ndo pa kumalizia kufyatua. Ukiona zimepita sekunde kama saba nane bado hujafyatua, acha, pumua, anza upya, maana jicho linaanza kuchoka na mwili unaanza kukupa presha ya kuvuta.

Sasa kufumba macho, ambako ndo ugonjwa wako hasa. Mwili unajua kishindo kinakuja na teke la bunduki begani linakuja, unajikinga kabla, macho yanafumba, bega linasukuma mbele, mtutu unainama, na yote hayo yanatokea kabla tu ya risasi kutoka. Wewe huoni kwa sababu kishindo kinafunika kila kitu. Mkufunzi akitaka kukuonyesha anachanganya risasi bandia kwenye magazini (kile kibebeo cha risasi) bila wewe kujua ipo ya ngapi, unavuta, inalia tu kli, na unaona kwa macho yako mtutu umeinama chini kama mtu aliyesalimia. Mwombe mkufunzi wako akufanyie hivyo, na usione aibu, nimeona watu wenye vyeo vyao mtutu unawainamia.

Dawa yake haihitaji risasi nyingi na ndo maana hilo la kupewa chache lisikutie hofu. Dawa ni kufyatua kavu, yaani kuvuta triga bunduki ikiwa tupu. Na hapa nisikilize vizuri: unafanya kwa ruhusa na usimamizi wa wakufunzi wako tu, magazini imetolewa, chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, imeangaliwa kwa macho na kwa kidole, na mwenzako ameangalia pia, hakuna risasi hata moja kwenye hicho chumba au hilo eneo, na mtutu unaelekea upande salama muda wote. Hata kama uliikagua dakika mbili zilizopita ukaiweka chini, ukiinyanyua unakagua tena.

Ukishakuwa hapo lala kifudifudi, lenga kinukta ukutani, mwenzako aweke sarafu au ganda tupu la risasi juu ya mtutu karibu na ncha. Vuta triga taratibu kwa nyama ya kidole, mstari ulionyooka kwenda nyuma, mpaka ilie. Ganda likibaki pale umefyatua vizuri, likianguka umeuchezesha mtutu. Mwanzoni litaanguka kila mara na utaudhika, endelea tu. Alafu kitu muhimu kuliko ganda lenyewe, pale inapolia jicho lako liwe wazi na uone ncha ya mbele ilikuwa wapi kwenye ule mlio. Ukiweza kumwambia mwenzako "hiyo imeenda chini kushoto kidogo" kabla hajakuuliza, basi umeshaacha kufumba macho. Na ukishafyatua usiachie triga haraka, ibane nyuma kidogo, rudisha saiti kwenye kinukta, ndo uiachie. Dakika ishirini kwa siku za namna hii, umakini ukiwepo, zina faida kuliko kumaliza boksi la risasi ukiwa umefumba macho. Kikosi cha Marine cha Marekani kinatenga karibu wiki nzima ya mazoezi kavu namna hii kabla kuruta hajaruhusiwa kupiga risasi ya kweli ya mtihani, na hakifanyi hivyo kwa kukosa risasi.

Kuhusu kuzero, usiguse saiti mpaka risasi zikae pamoja. Piga tatu, angalia karatasi. Zikiwa zimetawanyika tatizo ni wewe na sio saiti, ukizungusha skrubu hapo unajichanganya bure. Zikipangana kama mstari wa kwenda juu na chini angalia pumzi, zikitanuka kushoto na kulia angalia shavu, kidole na lile zoezi la kulenga, kufumba macho na kugeuza kiuno. Zikishakaa pamoja hata kama ziko pembeni ya shabaha, hapo furahi, maana sasa ni kazi ya skrubu tu. Na kumbuka saiti ya mbele inafuata risasi zilikokosea, zikipiga chini unaishusha, zikipiga juu unaipandisha. Ya nyuma ni kinyume, unaipeleka kule unakotaka risasi ziende.

Mtihani wenyewe kila jeshi lina utaratibu wake, kwahiyo waulize wakufunzi mapema: shabaha ngapi, umbali gani, mikao ipi, muda gani. Kwa mfano jeshi la nchi kavu la Marekani linatoa risasi 40 kwa shabaha zinazoinuka kuanzia mita 50 mpaka 300, na kufaulu ni kuangusha kuanzia 23. Angalia hapo, huhitaji zote. Ile ya mbali ukiikosa iache iende, anayeendelea kuiwaza ndo anakosa na mbili za karibu zinazofuata ambazo zilikuwa za bure. Lenga katikati ya kiwiliwili, kichwa achana nacho. Kubadilisha magazini na kukaa goti kutoka kulala fanya mazoezi mpaka mikono ijue bila macho, muda mwingi wa mtihani unapotelea huko. Bunduki ikigoma, gonga magazini kwa kiganja, koki, endelea, na ikigoma tena acha mtutu uelekee shabaha, nyanyua mkono, usijigeuze nayo.

Moja la mwisho ambalo lingetakiwa liwe la kwanza. Nyoosha mikono mbele, tengeneza kitundu kidogo kwa viganja, angalia kitu cha mbali kupitia hicho kitundu macho yote yakiwa wazi, alafu fumba jicho moja moja. Jicho linalobaki likikiona kile kitu ndo jicho lako kuu. Kama unapigia bega la kulia na jicho kuu ni la kushoto, mwambie mkufunzi leo hii kabla hamjarudi renji, inawezekana kabisa akakuhamisha bega, na mapema hivi mwili bado unakubali.