Robine ilibaki wazi, parke imevimba: niweke nyingine Jumamosi?

SWALI: Mzee Fundi jambo. Niko hapa Nguba, Bukavu. Maji ilikuwa imekatika siku tatu, na unajua watoto, wanafungua robine wanaona hakuna kitu wanaiacha vile vile, basi usiku maji ikarudi sisi tumelala, asubuhi nateremsha mguu kitandani nakanyaga maji. Saloni yote na chumba kimoja. Tumefuta na raklete, lakini parke, ile sakafu ya vibao vya kukamatanisha, imeinuka kwenye viungo, ukikanyaga inalia, na harufu imeanza. Fundi mmoja anasema tuweke mawe juu itarudi. Dada yangu anasema nifunge milango niwashe mbabula ya makala ikauke. Mimi nataka kuitoa mwenyewe na vijana wangu wawili, niweke nyingine Jumamosi. Itawezekana?

JIBU: Pole sana mama. Kuitoa mutaweza. Jumamosi haitawezekana. Na mbabula, tafadhali, usijaribu: makala ikiwaka kwenye chumba kilichofungwa inatoa gesi ambayo haina rangi wala harufu, watu wanalala hawaamki, na dada yako nakwambia anakupenda lakini hapa amekosea. Fungua madirisha tu, mbele na nyuma, upepo upite.

Mawe nayo haisaidii. Hiyo parke si mbao ya kweli, ndani ni unga wa mbao uliogandamizwa na gundi, ukishakunywa maji unavimba na haurudi tena hata ukiweka gari juu.

Basi muitoe. Kama prizi za chini ziliguswa na maji, kata umeme kwenye konteri kwanza. Ng'oa plinti, vile vibao vya chini ya ukuta, taratibu, zitatumika tena, halafu anza upande wa ukuta mmoja uende ukifungua mstari kwa mstari. Mbao za kona ambayo haikulowa ziandike namba kwa chaki uziweke pembeni zikiwa zimelala, si kuziegemeza ukutani, zitapinda. Kile kisponji cha chini, tupa chote, usikionee huruma, ndicho kinashika harufu. Na musichelewe, ukungu unaanza ndani ya siku moja au mbili. Sugua pavema, ile sakafu ya sima ya chini, na sabuni, halafu javeli (dawa ya kung'arisha nguo) iliyochanganywa na maji, na usiichanganye na siki wala ile asidi ya kusafishia choo, inatoa gesi mbaya.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanaharibu. Pavema inakauka juu, unaiona nyeupe, unafurahi, kumbe ndani imejaa maji. Kata kipande cha plastiki nzito ya sentimita 50 kwa 50, kibandike chini na skochi pande zote nne hewa isiingie, ukiache siku mbili. Ukikifungua ukaona matone, au sima imekuwa nyeusi pale, bado. Subiri wiki mbili urudie. Kwetu mvua inaanza Septemba inaenda mpaka Mei, kwa hiyo ukiwa ndani ya mvua jiandae kwa miezi, si wiki.

Na kitu kimoja cha Bukavu yetu hii ya milima: angalia ukuta wa nyuma, ule uliochimbwa ndani ya udongo. Kama chini yake kuna unga mweupe kama chumvi, na plastiki yako inatoa jasho hata baada ya miezi mitatu, basi robine imesingiziwa, maji inatoka mlimani. Hapo hakuna parke itakayokuokoa. Chimba mfereji nyuma ya nyumba, uupe mteremko, tengeneza gatara za paa zimwage mbali. Nimeona nyumba Muhumba waliweka parke mara tatu, na mara zote tatu aliyelaumiwa ni fundi.

Ukiniuliza mimi, kwa nyumba ambayo maji inakatika na kurudi inapotaka, saloni ningeweka karo, yaani vigae. Ila gonga kwanza pavema yote na mpini wa nyundo, panapolia tupu sima imeachana, vunja umwage shape (tabaka la sima na mchanga) mpya, na shape inaomba karibu wiki moja kwa kila sentimita ya unene. Ukipenda parke tena sawa, ni nyumba yako. Tandika plastiki ya milimita 0.2, vipande vipandane sentimita 20, halafu kisponji kipya, acha milimita 8 mpaka 10 kutoka ukutani (plinti itaficha), na makarto ya parke yalale ndani ya chumba hicho siku mbili bila kufunguliwa.

SWALI: Mzee, niko Birere, Goma, nyumba ya mbao. Mvua iliingia chini, sasa mbao za sakafu zimejikunja, kingo ziko juu katikati chini. Nipige randa?

JIBU: Bado ndugu yangu. Zimejikunja hivyo sababu chini kumelowa kuliko juu. Ukipiga randa leo, siku zikikauka zitageuka tumbo juu. Toa mbao mbili karibu na ukuta hewa ipite kati ya yale mawe ya lava, uache wiki kadhaa, nyingi zitalala zenyewe. Misumari iliyotoka usiigonge sasa, ngoja zikauke, na yenye kutu uing'oe uweke mipya.