Mti wa maua badala ya mjakaranda ulioanguka
Pole sana dada kwa mjakaranda wako kung'olewa na upepo. Mkrismasi unaotaka kuupanda mahali pake, ule mti wa maua mekundu ya Desemba, sikushauri kwa hapo Mbeya: ni mti wa joto, baridi ya Juni na Julai itaudumaza, na mizizi yake hutambaa juujuu hadi kwenye msingi wa nyumba. Mimi ningepanda mwamba-ngoma, ule Wahehe wanaouita muhemi. Kiangazi hupukutisha majani, kisha matawi matupu yanawaka maua mekundu kama makaa. Ndege chozi hawabanduki hapo. Kata tawi nene, lichomeke mvua zikishakolea, mbali kidogo na kisiki cha zamani. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi zina sumu, kwa hiyo ukiwa na watoto wadogo ziokote zikidondoka.